Injini ya Toyota 3S: Ilishinda Safari Rally, je, inastahimili Bujumbura?

Mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, unajulikana kwa mambo mawili: wakazi wake wengi huzungumza Kiswahili, na mafundi wake hutengeneza magari mchana kutwa kando ya barabara, mbele ya macho ya wapita njia. Miongoni mwa injini zinazofunguliwa katika gereji za aina hiyo kuna moja yenye historia ambayo wengi wa wanaoiendesha hawaifahamu.

Ni injini ya Toyota iitwayo 3S, ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, yaani lita 2. Katika umbo lake la kawaida imo ndani ya RAV4 za kizazi cha kwanza, Corona, Carina E, Caldina na Ipsum, magari yaliyotumika kwanza Japani au Ulaya kabla ya kufika Afrika Mashariki. Katika umbo lake la kimichezo, iliendesha Toyota Celica GT-Four iliyoshinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1990, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995.

Kwa mnunuzi wa Bujumbura anayetoa akiba ya miaka kadhaa kununua gari lililotumika, sifa hiyo ina mvuto mkubwa. Lakini je, injini iliyostahimili vumbi na matope ya Kenya itastahimili pia milima ya Burundi na uhaba wa mafuta unaoisumbua nchi hiyo? Jibu linategemea zaidi vitu vinavyoizunguka injini kuliko chuma chake chenyewe.

Jina lake lina maana gani?

Toyota huzipa injini zake majina yanayosomeka kama anwani. Tarakimu na herufi ya kwanza, yaani 3S, hutaja ukoo wa injini. Herufi zinazofuata baada ya kistari hueleza namna ilivyojengwa.

Herufi F ina maana kwamba injini ina kamshafti mbili juu ya silinda, na vali zake zimepangwa kwa pembe nyembamba ili kuokoa mafuta. Herufi G nayo huonyesha kamshafti mbili zenye vali zilizotanuliwa kwa pembe pana, ili hewa nyingi ipite kwa haraka na nguvu iongezeke. T ni turbo, na E ni mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli badala ya kabureta.

Kwa hiyo 3S-FE ni injini ya gari la familia, 3S-GE ni ya gari la kimichezo lisilo na turbo, na 3S-GTE ni ya gari la kimichezo lenye turbo. Kichwa cha silinda cha matoleo ya G kilibuniwa kwa ushirikiano na kampuni ya Yamaha, ambayo imeshirikiana na Toyota katika injini kadhaa za aina hiyo.

Zote tatu zina bloku ya chuma cha kusubu, kichwa cha silinda cha alumini, vali 16, na kipenyo cha silinda kinacholingana na urefu wa mwendo wa pistoni: milimita 86 kwa 86. Mlingano huo huiwezesha injini kuvuta vizuri ikiwa katika mizunguko ya chini, na pia kuzunguka kwa kasi bila kuilemea sana krankshafti.

Vipimo kwa ufupi

Takwimu zifuatazo ni za magari yaliyouzwa katika soko la Japani, ambako magari mengi ya mitumba ya Afrika Mashariki hutoka.

3S-FE: nguvu farasi kati ya 115 na 140, kulingana na mwaka na aina ya gari. Uwiano wa mgandamizo ni kati ya 9.3 na 9.8 kwa 1. Hutumia petroli ya kawaida.

3S-GTE ya kwanza, ndani ya Celica GT-Four ya mwaka 1986 (ST165): nguvu farasi 185, mgandamizo wa 8.5 kwa 1.

3S-GTE ya pili, ndani ya Celica GT-Four ya mwaka 1989 (ST185): nguvu farasi 225, mgandamizo wa 8.8 kwa 1.

3S-GTE ya tatu, ndani ya Celica GT-Four ya mwaka 1994 (ST205): nguvu farasi 255, nguvu ya msokoto nyutoni mita 304, mgandamizo wa 8.5 kwa 1.

3S-GTE ya nne, ndani ya Caldina GT-T ya mwaka 1997: nguvu farasi 260, mgandamizo wa 9.0 kwa 1.

3S-GE ya mwisho, ndani ya Altezza RS200 ya mwaka 1998 yenye gia za mkono: nguvu farasi 210 katika mizunguko 7,600 kwa dakika, bila turbo. Mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1, na vali zake za kuingizia hewa ni za titani.

Tofauti kati ya toleo la kwanza na la mwisho katika orodha hii inashangaza ikizingatiwa kwamba ujazo ni uleule. Nguvu ya ziada ilipatikana kwa kuingiza hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ama kwa turbo ama kwa mizunguko ya kasi. Na kila hewa inapoongezeka, petroli, joto na shinikizo navyo huongezeka. Ndiyo sababu matoleo yenye nguvu hayasamehe uzembe ambao 3S-FE huuvumilia.

Ilishindaje Safari Rally?

Katika miaka hiyo mashindano ya magari ya dunia yaliendeshwa chini ya kanuni za Kundi A. Kanuni hizo zilimtaka mtengenezaji auze maelfu ya magari yanayofanana na lile la mashindano kabla ya kuruhusiwa kushindana. Toyota haikuweza kuleta injini iliyoundwa kwa ajili ya mbio peke yake. Ililazimika kutumia bloku ambayo mteja wa kawaida angeipata dukani.

Safari Rally ilikuwa kipimo kikali cha bloku hiyo. Yalikuwa mashindano ya siku kadhaa na maelfu ya kilomita, mara nyingi wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika. Magari yalipita kwenye vumbi laini asubuhi na kwenye mito iliyofurika jioni. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji.

Björn Waldegård wa Sweden alishinda mwaka 1990 akiendesha ST165. Carlos Sainz wa Hispania alifuata mwaka 1992 kwa ST185. Mwaka 1993 Juha Kankkunen wa Finland aliongoza Celica nne zilizochukua nafasi nne za kwanza. Mwaka 1994 ushindi ukaenda kwa Mkenya Ian Duncan, na mwaka 1995 kwa Yoshio Fujimoto wa Japani, ingawa mwaka huo Safari haikuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa madereva.

Siri ya ustahimilivu huo haikuwa nguvu nyingi. Kanuni ziliilazimisha kila injini yenye turbo kuvuta hewa kupitia tundu lenye kipenyo kilichowekewa kikomo, hivyo nguvu ilibaki katika kiwango ambacho bloku ya chuma iliweza kukibeba. Ndani yake, 3S-GTE ina vinyunyizio vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuzipoza, pamoja na kipoza oili. Na baada ya kila hatua, kikosi cha mafundi kilisubiri kubadilisha kilichochoka.

Tundu hilo la hewa ndilo lililoiletea Toyota aibu mwishoni mwa mwaka 1995. Wakaguzi waligundua katika mashindano ya Catalunya kwamba turbo ya Celica ST205 ilikuwa na utaratibu wa siri ulioruhusu hewa kupita kando ya kikomo. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, liliifutia timu hiyo pointi zote na kuifungia kwa miezi 12.

Toyota haikuwa peke yake katika kuamini silinda nne na lita 2. Mitsubishi ilishinda Safari mwaka 1996 kwa injini ya 4G63, na Subaru mwaka 1997 kwa injini ya EJ20, ambayo silinda zake zimelala pande mbili. Kwa takriban muongo mzima, ukubwa huo wa injini ndio uliotawala barabara za Kenya.

Hewa ya Bujumbura na mlima wa Bugarama

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara kuu namba 1, ielekeayo Kayanza na mpaka wa Rwanda, hupanda mlima kwa mizunguko mingi hadi Bugarama, penye kimo cha takriban mita 2,200. Umbali ni kilomita 35 hivi. Ni barabara ileile ambayo waendesha baiskeli huning'inia nyuma ya malori wakipanda, na kuteremka kwa kasi wakiwa wamebeba mizigo ya ndizi.

Kwa injini, mlima huo ni mtihani wa aina mbili.

Wa kwanza ni hewa. Kadiri kimo kinavyoongezeka, hewa hupungua uzito. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Altezza yenye nguvu farasi 210 katika usawa wa bahari hubaki na karibu 190 mjini Bujumbura, na karibu 165 inapofika Bugarama. RAV4 yenye 135 hubaki na takriban 105. Dereva anayesema gari lake "limechoka" mlimani huenda anaona tu matokeo ya kimo, wala si ugonjwa.

Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Lakini hewa inayosukumwa kwa nguvu zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi, na mzigo wa kuipoza huangukia kipoza hewa cha turbo. Katika ST205 kipoza hicho hutumia maji yanayozungushwa na pampu ndogo ya umeme. Pampu hiyo ikifa, gari huendelea kutembea, ila hewa inaingia ikiwa moto, na dereva huenda asijue hadi pistoni iharibike.

Mtihani wa pili ni maji. Katika usawa wa bahari maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Kwenye kimo cha Bugarama huchemka yakifika karibu 93. Thamostati ya 3S hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na injini inapopanda mlima hufanya kazi karibu kabisa na kiwango hicho cha kuchemka.

Kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hubana mvuke na kuongeza shinikizo ndani ya mfumo, hivyo maji hayachemki hadi karibu nyuzi 115. Mpira wake ukiisha, akiba hiyo ya nyuzi zaidi ya 20 hutoweka. Maji huchemka, hupotea, kichwa cha alumini hupinda, na gasketi huungua. Matengenezo makubwa ya injini yanaweza kuanza na kifuniko ambacho hakikubadilishwa.

Uhaba wa petroli unavyoiumiza injini

Tangu mwaka 2021 Burundi imekumbwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta, ukihusishwa na upungufu wa fedha za kigeni za kuagizia bidhaa hiyo. Foleni za vituo vya mafuta mjini Bujumbura zimekuwa habari ya kawaida, na petroli ya magendo huuzwa kwa madumu na chupa. Mengi yamesemwa kuhusu athari za hali hiyo kwa usafiri na bei za vyakula. Machache yamesemwa kuhusu athari zake ndani ya injini.

Athari ya kwanza ni ubora wa petroli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwa na okteni ndogo, yaani sehemu yake huwaka yenyewe mapema kabla moto ulioanzishwa na cheche ya plagi haujaifikia. Mlio wake ni ule ambao mafundi huuita kugonga. Katika 3S-FE, ambayo mgandamizo wake ni wa wastani, dereva husikia mlio na kupoteza nguvu. Katika 3S-GTE, au katika Altezza yenye mgandamizo wa 11.5, milipuko hiyo ya mapema huvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Nchini Japani petroli ya kawaida ina okteni isiyopungua 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Matoleo ya kimichezo ya 3S yalitengenezwa kwa ajili ya hiyo ya daraja la juu.

Athari ya pili ni pampu ya petroli. Pampu hiyo hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka. Gari linaloendeshwa wiki nzima likiwa na lita tatu au nne hufanya pampu ipate joto na kuvuta uchafu uliotuama chini. Chujio huziba, shinikizo hushuka, na mchanganyiko huwa na hewa nyingi kuliko petroli. Katika injini ya turbo, upungufu huo huongeza joto ndani ya silinda wakati hasa ambapo mzigo ni mkubwa.

Athari ya tatu hulipata gari lililoegeshwa. Petroli iliyokaa miezi kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando kwenye nozeli. Betri huisha nguvu, na unyevunyevu hujikusanya katika oili ya injini isiyopata joto. Mwenye gari anayedhani kwamba kuliegesha ni kulitunza hujikuta akilipa gharama ya kusafisha nozeli siku petroli inapopatikana.

Athari ya nne ni foleni yenyewe. Gari linalounguruma bila kwenda, katika joto la mji wa ziwani, hutegemea feni peke yake kupoza rejeta. Feni mbovu, ambayo haingeonekana barabarani penye upepo, hujitokeza hapo.

Udhaifu unaojulikana

Injini za 3S huzungusha kamshafti kwa mkanda wa mpira, wala si kwa mnyororo. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 au mapema zaidi. Katika 3S-FE, mkanda ukikatika injini huzimika lakini vali hazigongani na pistoni. Baada ya kufungwa mkanda mpya, gari huweza kuendelea na safari. Katika 3S-GE ya Altezza mambo ni tofauti: vali hugonga pistoni, na hasara huwa ya injini nzima.

Pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo. Mafundi wenye uzoefu hubadilisha vyote viwili kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile.

Oili huvuja hasa kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, kwenye mpira wa distribyuta na kwenye sili ya pampu ya oili. Mvujo mdogo si hatari kwa wenyewe, lakini injini hubeba takriban lita nne tu, na upungufu wa lita moja ni robo ya oili yote.

Turbo za matoleo ya awali hupasuka nyumba yake kwa sababu ya joto, hasa zikizimwa ghafla baada ya mlima mrefu. Dakika moja au mbili za kuiacha injini iungurume kabla ya kuizima huipa oili nafasi ya kuondoa joto kwenye beringi zake.

Altezza ina mfumo wa kielektroniki unaobadilisha muda wa vali kwa kutumia shinikizo la oili. Oili chafu huziba njia zake nyembamba, na injini hupoteza nguvu au hutoa mlio wa kukwaruza inapowashwa.

Mnunuzi akague nini?

Ukaguzi wa maana huanza injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha moshi wa asubuhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda.

Kifuniko cha kumiminia oili kifunguliwe. Utando wa rangi ya maziwa chini yake huashiria kwamba maji na oili vimekutana. Maji ya rejeta nayo yaangaliwe: kutu nyekundu ina maana kwamba bloku ya chuma imekuwa ikizungukwa na maji matupu bila kemikali ya kuikinga.

Mgandamizo upimwe katika silinda zote nne. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi bari moja. Kipimo hicho huchukua muda mfupi, na hufichua zaidi kuliko maneno ya dalali.

Mwisho, tarehe ya kubadilishwa kwa mkanda iulizwe. Ikikosekana kwenye karatasi au kwenye kibandiko ndani ya boneti, ichukuliwe kwamba haukubadilishwa, na gharama yake iongezwe kwenye bei ya gari.

Kati ya sifa na matunzo

Kwa mkazi wa Bujumbura anayetafuta gari la kila siku, 3S-FE ina sifa zinazolingana na mazingira: hutumia petroli ya kawaida, huvumilia mkanda unaokatika, na mafundi wengi wanaijua. Ndugu zake wa kimichezo ni imara kwa chuma lakini wana masharti mengi, na sharti la kwanza, petroli safi yenye okteni ya juu, halimtegemei mwenye gari peke yake.

Celica zilizoshinda Safari zilikuwa na bloku ya aina ileile. Tofauti ni kwamba zilipewa petroli iliyopimwa, oili mpya na mafundi waliosubiri kila kituo. Mjini Bujumbura kazi hiyo yote humwangukia mwenye gari na fundi wake, na mara nyingi huanza na kifuniko cha rejeta.